Clémentine na Injini Mbili za Marehemu

Banda la nyuma ya nyumba ya Dona Fernanda, pale Turffontein, kusini mwa Johannesburg, lilikuwa halijafunguliwa kwa miaka minane. Mwezi wa sita mwaka 2017 bibi huyo wa Kireno, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, alimwita mpangaji wake akamkabidhi ufunguo. Alisema anataka banda lisafishwe, na kwamba chochote kitakachopatikana humo, kama hakina panya ndani yake, mpangaji anaweza kukichukua.

Mpangaji huyo alikuwa Clémentine Nabintu, mama wa miaka arobaini na minane, mzaliwa wa Bukavu, mnene, mwenye vidole vyembamba ambavyo ungedhani ameazima kwa mtu mwingine. Washonaji wengi wa Kikongo katikati ya Johannesburg walimjua, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mshonaji. Alitengeneza cherehani. Ufundi huo hakufundishwa na mtu. Ujanani, huko Bukavu, alishona sare za shule katika karakana moja, na kila mashine ilipoharibika waliambiwa wamsubiri fundi kutoka Goma. Siku moja alichoka kusubiri. Akaifungua mashine kwa kisu cha jikoni, akavipanga vipande sakafuni kwa utaratibu aliovitoa, akavirudisha. Ikashona. Akaifungua tena, safari hii kwa raha tu.

Alifika Johannesburg mwaka 2004 pamoja na mumewe, Ignace. Alisuka nywele barabarani miaka miwili kabla ya kugundua kwamba yale majengo marefu ya mjini yamejaa washonaji, na hayana mtu wa kuwatengenezea mashine. Tangu hapo alipanda ngazi za majengo yenye lifti zilizokufa, begi la vifaa begani, akifika juu anahema na kutabasamu. Ignace yeye alikuwa mlinzi kwenye mlango wa ofisi moja mjini. Alikuwa mwembamba, kilo hamsini na nne akiwa na viatu, na mpole kiasi kwamba majirani waliishi naye mwaka mzima kabla ya kuijua sauti yake. Kazi yake ilikuwa kusimama. Hata Jumapili, kanisani, alikuwa msimamizi wa viti, kwa hiyo alisimama huko pia.

Basi Clémentine akafungua banda. Alitoa makopo ya rangi, mabomba yenye kutu, kitanda cha mtoto, na nyuma kabisa, chini ya blanketi, akakuta injini mbili. Zilikuwa ndogo, kila moja ukubwa wa sufuria ya wali wa familia, za kuwashwa kwa kuvuta kamba. Alizifuta kwa ncha ya kitenge chake. Zilifanana kwa kila kitu, na namba zilizogongwa kwenye chuma zilifuatana: moja ikiishia na sita, nyingine na saba. Akaivuta kamba ya kwanza taratibu. Injini ikamrudishia mkono kwa nguvu, kama mtoto anayekataa kuogeshwa: bado ilikuwa na pumzi. Akaivuta ya pili. Nayo ikakataa vilevile. Clémentine akaanza kucheka peke yake humo bandani, mpaka Dona Fernanda akatoka nje kuangalia kuna nini.

"Hizo ni za Armando," bibi alisema.

Armando alikuwa mumewe, fundi bomba, aliyefariki miaka minane nyuma. Zamani, katika miaka ya sabini, alikuwa na kipikipiki kidogo cha magurudumu madogo kama ya toroli, na alikishindanisha. Injini moja ilifanya kazi, nyingine ilikaa akiba. Kipikipiki chenyewe alikiuza, lakini injini alikataa kuziuza. Dona Fernanda alieleza kwamba wazee wa mchezo huo bado wanakutana kila mwisho wa mwezi wa tisa, magharibi mwa mji, kwenye barabara iliyonyooka iliyojengwa kwa ajili ya mbio tu. Wanakuja na mashine za zamani. Wanakimbia wawili wawili, mita mia mbili, atakayetangulia ndiye mshindi.

"Mita mia mbili basi?" Clémentine aliuliza.

"Basi. Ukipiga chafya, umekosa kuona."

Clémentine akazitazama tena zile injini, ya sita na ya saba. "Na kama mtu aweke zote mbili kwa pikipiki moja?"

Dona Fernanda akamwangalia. Kisha akakaa juu ya kopo la rangi, akashika mbavu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipopata pumzi alisema kwamba Armando aliota jambo hilo miaka thelathini na hakuthubutu.

Jioni ile Clémentine alimweleza mumewe. Ignace aliacha kula. Akasema kwa sauti yake ndogo, "Mama Arlène, bakimbizi tulishakuwa. Sasa unataka tukuwe bakimbiaji?"

"Mara hii tutakimbia, na jioni tutarudia kwetu," Clémentine alijibu.

Binti yao Arlène, aliyezaliwa Johannesburg na aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alielewa kila neno la Kiswahili lakini alijibu kwa Kizulu kama kawaida yake. Alisema neno moja, "Angeke," yaani haiwezekani kabisa, akaenda chumbani na sahani yake.

Kwa kuchomea vyuma alihitajika mtu, na mtu huyo alikuwa Ameir. Huyu alikuwa Mpemba wa Wete, kijana wa miaka thelathini na mitatu, mwenye karakana ya mageti na nondo za madirisha huko Rosettenville, jirani tu na Turffontein. Clémentine alikwenda kwake na karatasi ya kahawia iliyokunjwa mara nane, ile ambayo washonaji huchorea vipimo vya nguo. Akaikunjua sakafuni. Alikuwa amechora pikipiki nzima kwa chaki ya kushonea, kwa ukubwa wake halisi, na pembeni ya kila mstari ameandika sentimita.

Ameir akaizunguka ile karatasi. "Hili gauni la nani, dada'angu?"

"Haiko gauni. Iko pikipiki."

"Mbona ina viuno viwili?"

"Ile ni ma-moteri. Moja mbele, moja nyuma."

Ameir akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya mistari ya chaki, akasimama, akajipangusa mikono. Alisema yeye ni mtu wa mageti. Geti halimuui mtu ila limwangukie, na hiki chombo kitaua mtu akiwa amekaa. Akamwombea dua njema, akamkunjia karatasi yake.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe Turffontein, na mabomba manne ya chuma kwenye bakkie yake, yaani pikapu. "Sikuja kujenga," alisema. "Nimekuja kukwambia umekosea. Huku nyuma umeacha nafasi ndogo, mnyororo utasaga bomba." Akaomba chaki. Baada ya robo saa alikuwa amepiga magoti juu ya karatasi, na baada ya saa moja akaomba waya wa umeme.

Walifanya kazi kila Jumamosi uani kwa Dona Fernanda. Bibi alileta kiti chake, akakaa juani na kofia ya majani, akitoa maagizo ambayo hakuna aliyeyaomba. Fremu ilipatikana haraka. Ilikuwa fupi na chini, urefu wake kama benchi la kukaa watu wawili, na magurudumu yake hayakufika magotini. Injini zililala katikati, moja nyuma ya nyingine. Kazi ngumu ilikuwa kuziunganisha. Clémentine alitaka zisukume gurudumu la nyuma kwa pamoja, kwa hiyo alifunga magurudumu mawili ya meno kwenye ekseli za injini, akayaunganisha kwa mkanda wa mpira wenye meno alioutoa kwenye cherehani kubwa ya kiwandani. Ulikuwa mkanda mzuri. Ulikuwa haujawahi kumwangusha.

Jaribio la kwanza lilifanyika gurudumu la nyuma likiwa limeinuliwa juu ya matofali. Ameir alivuta kamba. Injini zote mbili zikawaka kwa mvuto mmoja, na wote wakashangilia kwa muda wa sekunde tatu hivi. Halafu kile chombo kikaanza kutetemeka, kikatembea na matofali yake kama mbuzi aliyefungwa kamba, vikombe vya chai vikaanguka kwenye sinia, na mkanda ukakatika kwa mlio kama wa bunduki. Kipande chake kilipita juu ya kamba ya nguo, ambako Ignace alikuwa akianika mashuka, kikatua juu ya bati la nyumba. Ignace hakuonekana. Baadaye alikutwa amelala chini, amejifunika shuka lote.

"Nilisikia risasi," alisema kutoka ndani ya shuka. "Miye ni mlinzi. Najua kazi yangu."

Walicheka mpaka jirani akachungulia ukutani. Lakini tatizo lilibaki. Injini zile zilipigana. Kila moja ilisukuma kwa wakati mmoja na mwenzake, kisha zote zikapumzika kwa wakati mmoja, na msukumo huo ulipasua kila kilichokuwa katikati. Ameir alitafuta mnyororo wa pikipiki kubwa badala ya mkanda. Mnyororo haukukatika, ila chombo kiliendelea kuruka, na wiki mbili nzima Clémentine alikwenda kazini akiwa amekunja uso, jambo ambalo washonaji wake hawakulizoea.

Jibu lilimjia Jumatano moja, ghorofa ya tatu ya jengo moja karibu na stendi ya taxi za Noord. Alikuwa amelala chali chini ya mashine ya mshonaji mmoja aitwaye Pacifique, akizungusha gurudumu kwa mkono ili aone kama sindano na ndoano ya chini zinakutana vizuri. Sindano ikashuka, ndoano ikasubiri. Sindano ikapanda, ndoano ikaja kuuchukua uzi. Moja inafanya kazi, nyingine inapumua. Clémentine akatulia hapo chini. Kisha akasema, "Ndio," akainuka, akachukua begi lake, akashuka ngazi. Pacifique alibaki na mashine iliyo wazi kama samaki aliyepasuliwa. Ilibidi asubiri siku mbili, na alipompigia simu alisikia nyundo tu.

Hakubadilisha kitu chochote kwenye zile injini. Alitoa mnyororo, akaizungusha ekseli ya injini ya nyuma mzunguko mmoja kamili huku ile ya mbele imetulia, kwa kuwa injini za aina hiyo husukuma mara moja tu katika kila mizunguko miwili, akaurudisha mnyororo. Sasa ya mbele iliposukuma, ya nyuma ilivuta pumzi, na ya nyuma iliposukuma, ya mbele ilivuta pumzi. Jumamosi Ameir alivuta kamba. Palitoka mlio mmoja, mnene, wa haraka, na juu ya sinia kijiko kilikaa kimya ndani ya kikombe. Dona Fernanda akaondoa kofia yake. Ameir, ambaye si mtu wa kukumbatia wanawake wa watu, alimshika mkono Clémentine akaupandisha na kuushusha kwa muda mrefu kama anayepiga bomba la maji.

Walikipeleka barabarani asubuhi hiyohiyo, kwenye kichochoro kando ya ukuta wa uwanja wa mbio za farasi. Ameir alikikalia, magoti yakamfika masikioni, akafungua mafuta kidogo tu. Kikaruka. Clémentine alikimbia nyuma yake na malapa, akipiga kelele za kumwelekeza ambazo Ameir hakuzisikia. Wahudumu wa farasi walipanda juu ya ukuta kutazama. Alipofika mwisho wa ukuta alisimama, akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtoto wa miaka saba.

"Dada," alisema, "kina wazimu hiki."

Rangi ilichaguliwa na Dona Fernanda: kijani, kama kile cha Armando. Kiti alikishona Clémentine mwenyewe kwa ngozi ya sofa. Arlène, ambaye mpaka hapo alikuwa akipita uani akiwa ameziba masikio, siku moja aliuliza kwa Kiingereza kitu hicho kinaitwaje. Hakikuwa na jina. Akasema basi kiitwe Mapacha, na akajitolea kuandika. Hapo ukazuka mgogoro. Clémentine alisema neno sahihi ni Mapasa, kama wanavyosema Wakongo wote wenye akili. Ameir alisema hajapata kusikia neno hilo tangu azaliwe, na kwamba Kiswahili kina wenyewe. Walibishana mpaka chai ikapoa. Arlène aliandika MAPACHA upande wa kushoto wa tangi na MAPASA upande wa kulia, akarudi chumbani.

Likabaki swali la dereva. Kila mtu alijua kwamba mtu mwepesi ndiye hukimbia zaidi. Ameir alikuwa na kilo themanini, tena alikuwa ameoa mwezi wa saba na hakutaka kumfanya mke wake mjane mpya. Macho yakamgeukia Ignace, kwa mzaha. Ignace akaweka chini ndoo aliyokuwa ameibeba.

"Nimesimama miaka kumi na tatu," alisema. "Munipe nami nikae kidogo."

Clémentine alimtazama mumewe kama mtu aliyekuta chumba cha ziada ndani ya nyumba yake.

Siku ya mbio waliondoka asubuhi kwa bakkie ya Ameir: Dona Fernanda mbele na kikapu cha mikate ya dagaa wa kopo, Clémentine, Ignace na Arlène nyuma wameizunguka Mapacha iliyofungwa kamba. Walikuta magari ya zamani yaliyong'arishwa mpaka yanauma macho, wazee wenye ndevu, moshi wa nyama na harufu ya petroli. Dona Fernanda alisalimiwa kwa jina na watu sita kabla hajashuka. Aliwaambia wote kwamba ameleta kitu.

Mkaguzi alikuwa mzee mrefu mwenye makaratasi. Akaitazama Mapacha, akahesabu kwa kidole. "Injini mbili," alisema. Clémentine akakubali. Mkaguzi akasoma masharti yake kwa sauti: injini iwe imetengenezwa kabla ya mwaka 1975, magurudumu yasizidi kipimo, breki ziwe nzima, dereva afungwe mkononi kamba ya kuzimia injini, ili akianguka mashine izimike. Akageuza ukurasa. Akaurudia ukurasa wa mwanzo.

"Haijasemwa iwe moja," Clémentine alimwambia kwa upole.

Mkaguzi akamwita mwenzake, na huyo akamwita mwingine. Hawakujadili masharti kwa muda mrefu, kwa sababu baada ya dakika mbili wote watatu walikuwa wamepiga magoti wakiutazama mnyororo. Mmoja akauliza ni nani aliyezipanga injini zile hivyo. Clémentine akainua mkono. Akaulizwa amejifunza wapi.

"Kwenye cherehani," alisema.

Wakamruhusu.

Kila mashine ilipewa nafasi ya kujaribu peke yake kabla ya mashindano. Ignace alivaa koti nene la ngozi la Ameir, lile la kuchomea vyuma, na helmeti iliyomwachia macho tu. Akasogea mpaka kwenye mstari. Mbele yake palikuwa na taa kama zile za kuongozea magari, ambazo huko huitwa robot, isipokuwa hizi zilianza na njano na kuishia na kijani. Clémentine alimwambia afungue mafuta taratibu. Ignace akatikisa kichwa kukubali. Taa ya kijani ikawaka, na Ignace, mtu aliyefanya kila kitu maishani mwake taratibu, akafungua mafuta yote.

Gurudumu la mbele likapanda angani. Ignace akateleza juu ya kiti cha ngozi kama mtu anayeshuka kwenye bembea, akakaa lami kwa makalio, miguu imenyooka, mikono bado mbele imeshika usukani usiokuwepo. Kamba ya mkononi ikachomoka, injini zikazimika, Mapacha ikaenda hatua chache peke yake ikalala ubavu kwenye majani.

Clémentine alikimbia. Alimkuta mumewe ameinamisha kichwa na mabega yanatetemeka, akadhani analia. Akapiga magoti, akamtoa helmeti. Ignace alikuwa anacheka. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa alikuwa amemwona akitabasamu, na mara mbili tatu amemwona akicheka kwa pua. Hiki kilikuwa kitu kingine. Alicheka kwa sauti kubwa, ya juu, yenye kwikwi, kama jogoo anayejifunza kuwika, na kila alipojaribu kueleza alionyesha kidole mahali pikipiki ilipokwenda, akaanza upya. Muuguzi wa uwanja alishindwa kumpima mapigo ya moyo. Mwishowe na yeye akaanza kucheka, kisha mkaguzi mrefu, kisha jukwaa zima. Suruali ilikuwa imechanika. Mtu alikuwa mzima.

Lakini hakuweza kupanda tena. Walijaribu mara tatu. Kila alipoketi kwenye kile kiti, kicheko kilimpanda na mikono ikalegea.

Ameir akakagua vyuma, akasema hakuna kilichovunjika ila moyo wake mwenyewe. "Tatizo si Ignace," alisema. "Nguvu ni nyingi, mbele hakuna kitu. Hata umpandishe malaika, gurudumu litainuka."

Clémentine alikuwa ameshika kiuno, anaitazama Mapacha. "Cherehani ikianza kuruka," alisema polepole, "unaongeza uzito kwa mguu wake, ule unaokandamiza kitambaa." Akageuka. "Ameir, hii mashine inaomba uzito. Na uzito ni miye."

"Dada, weye hujapanda pikipiki maishani mwako."

"Nimeijenga. Inanijua."

Ovaroli ya Ameir ilimwingia kwa msaada wa watu wawili, na zipu iliishia kifuani. Arlène ndiye aliyemfunga helmeti. Alimfunga vizuri, akavuta mkanda mara mbili kuhakikisha, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alisema naye kwa Kiswahili. "Mama, inama sana mbele," alisema.

Mpinzani wake alikuwa Tertius, mzee Mwafrikana, Mzungu wa hukohuko, mwenye ndevu mpaka kifuani, bingwa wa miaka mitatu, na kipikipiki chake chekundu kilichong'aa kama pipi. Alikuja kumpa mkono kwa adabu na kumuuliza amekimbia mara ngapi.

"Leo asubuhi nilikuja nikiwa abiria," Clémentine alimjibu. Tertius akamtakia heri kwa dhati kabisa.

Walijipanga. Clémentine alilala juu ya tangi, kifua chake chote mbele, kidevu karibu na usukani. Chini ya tumbo alizisikia injini mbili zikipokezana, ya mbele, ya nyuma, ya mbele, ya nyuma, bila hata moja kumkanyaga mwenzake. Njano. Njano. Kijani.

Gurudumu la mbele lilitaka kuinuka, likakuta haliwezi. Nguvu yote ikaenda chini, kwenye lami. Clémentine alihisi mgongo wake umebaki nyuma na yeye amekwenda. Uzio ulipita. Ndevu za Tertius zilikuwa kushoto kwake, kisha hazikuwepo. Alikuwa anacheka ndani ya helmeti mpaka kioo kikaingia ukungu, kwa hiyo mstari wa mwisho hakuuona, na kwa kuwa hakuuona aliendelea. Alipita alama zote, akapita watu waliokuwa wakimpungia bendera, akaingia kwenye majani marefu yaliyokuwa mwisho kabisa wa uwanja, na huko ndiko alikokumbuka breki.

Walimkuta bado amekaa juu ya Mapacha katikati ya majani, anahema. Ignace alifika wa kwanza, na suruali yake iliyochanika, akikimbia kuliko alivyowahi kukimbia.

"Umeshinda," alimwambia. "Umemwacha urefu wa kitanda."

Sekunde kumi na mbili nukta nne. Kipikipiki chekundu kilikuwa kumi na mbili nukta tano. Dona Fernanda alikuwa akimbusu kila aliyekuwa karibu naye, pamoja na watu wa kipikipiki chekundu.

Raundi ya pili hawakuwa na bahati. Katikati ya njia waya wa plagi ya injini ya nyuma ulichomoka, na ile ya mbele ikalazimika kumburuta pacha wake aliyekufa mpaka mwisho. Clémentine alifika kwa sekunde kumi na tisa, mpinzani wake akiwa amekwishashuka na kuvua glavu. Alipita mbele ya jukwaa akipunga mkono kama mke wa rais, na jukwaa zima likasimama. Tertius alikuja na mke wake na nyama kwenye sahani. Kisha akaomba kuuona mnyororo, na walipomtafuta baadaye walimkuta amelala chini ubavuni mwa Ameir, wawili hao wakielewana kwa vidole.

Mapacha ilipewa zawadi ya mashine iliyojengwa kwa ubunifu zaidi siku ile: fulana, na ilikuwa ndogo. Ilimtosha mtu mmoja tu. Jumapili Ignace aliivaa kanisani chini ya koti la usimamizi wa viti, na kila alipoinama kumwonyesha mtu pa kukaa, injini mbili alizozichora Arlène kifuani zilichungulia. Mchungaji alimuuliza kulikoni. Ignace akaanza kueleza, akafika pale gurudumu lilipopanda, na ikabidi atolewe nje apate hewa.

Clémentine aliendelea na cherehani zake. Alirudi uwanjani mwaka 2018, akiwa amefunga zile nyaya za plagi kwa mikono yake mara tatu, akakimbia kwa sekunde kumi na moja nukta tisa, akafika fainali, akashindwa kwa urefu wa gurudumu. Mpaka leo anasema gurudumu lenyewe lilikuwa dogo.

Mwezi wa tatu mwaka 2019 Dona Fernanda alitimiza miaka themanini na mmoja. Mabinti zake walitoka Cape Town na keki. Alipoulizwa anataka zawadi gani, alitaja moja, na mabinti wakasema hapana kwa pamoja. Kwa hiyo alingoja wakaenda madukani, akagonga mlango wa wapangaji wake akiwa ameshavaa suruali. Walimpeleka kwenye kile kichochoro cha ukuta wa farasi, wakampandisha juu ya Mapacha. Ameir alisimama katikati ya barabara kuzuia magari, Arlène alishika simu kupiga picha, Clémentine akakimbia upande wa kushoto ameshika kiti na Ignace upande wa kulia. Walikwenda mwendo wa mtu anayewahi taxi. Kofia ya bibi iliruka ikabaki nyuma, hakuna aliyeirudia. Walipofika mwisho wa ukuta, Clémentine hana pumzi, jasho linamtiririka, aliinama akamuuliza kama ametosheka.

Dona Fernanda alikuwa ameshaanza kugeuza usukani. "Sasa niachieni," alisema.